Vijiti vya mkomamanga vinatoa majani halafu vinakufa, nakosea wapi jamani?

BintiKikwajuni

Asalam alaykum wapenda bustani wote. Naomba msaada mana nshachoka na nyumbani nshaanza kuchekwa.

Uani kwa marehemu bibi yangu Kikwajuni, hapa Unguja, kuna mkomamanga, kaupanda mwenyewe mama yangu bado mdogo. Si mkubwa, kichaka tu kilopita ukuta kidogo, lakini makomamanga yake mashallah, punje nyekundu, tamu, hayana ugwadu hata kidogo. Sasa kaka zangu wameamua kutanua jiko na kupandisha ghorofa na mti uko katikati ya njia, wamenambia mafundi wanaingia baada ya Idi. Nimelia nikanyamaza. Nkaona basi bora nikate matawi nioteshe kwangu Fuoni.

Nikaangalia video ya mzee mmoja wa Kiingereza, anasema vichaka vya bustani vinavopukutisha majani dawa yake ni kukata vijiti mwezi wa 11, unachomeka chini unasahau. Mie nikakata 12 mwanzo wa mwezi wa 11, nikachomeka kwenye ndoo ya rangi, udongo mweusi na samadi ya ng'ombe, maji asubuhi na jioni. Wiki mbili tu vyote vina majani! nikapiga picha nikaweka status, watu wakanipongeza. Wiki ya nne majani yakanyauka yakawa meusi, nikavuta kimoja kikaja chote, chini hakuna hata uzi wa mzizi, kimeoza na kinanuka. Nikarudia na vengine 8, safari hii nikapaka asali nilivoambiwa. Mambo yale yale.

Au mti wenyewe haukubali kwa tawi? Nisije nikaumaliza kwa kuukata na bado sijapata kitu.

Konde_karafuu

pole dada. mwezi wa 11 huku ni vuli, mti umeshapata mvua una haraka ya kutoa majani. hapo ndo uliteleza. na samadi kwenye kijiti kisicho na mizizi umekipalia kaa

shoga_wa_Bububu

Kungumanga mbona rahisi bibie, unachukua kokwa mbichi na basbasi lake unalitoa, unatia kwenye kiriba kivulini hata wiki sita hazifiki sana sana miezi miwili inatoka. Kwa tawi hutopata kitu.

Konde_karafuu

@shoga_wa_Bububu kasema KOMAmanga sio KUNGUmanga, soma vizuri sheikh

shoga_wa_Bububu

Mie ni bibie sio sheikh. Haya nimekosea, miwani iko chumbani. Lakini basi si apande punje? komamanga lina punje mamia.

BwanaShamba_mstaafu (Wete)

Wa alaykumsalam mwanangu. Mkomamanga unakubali kwa tawi, tena ni katika miti myepesi, usiutukane. Hebu nikueleze polepole mana ulichokiona ndicho wanachokiona watu wote na wote wanakisoma kinyume.

Kwanza punje. Zitaota, hilo kweli, lakini mti wa punje haufuati mama yake, unaweza kupata kali kama ukwaju. Ukitaka utamu ule ule wa bibi yako basi ni tawi la mti ule ule, hakuna njia ya mkato.

Sasa hayo majani uloyapigia picha. Majani sio mizizi. Kijiti kina akiba yake ya wanga ndani ya mti wake, kama mtu na kibubu. Ukikikata wakati macho, yaani vile vichomozo vya kuchipukia, yameshaamka, kile kitu cha kwanza kitakachofanya ni kufungua macho na kutoa majani kwa kutumia ile akiba, hakikuulizi kama chini kuna mzizi. Majani yakishafunguka yanatoa maji hewani mchana kutwa, na chini hakuna wa kunywa. Akiba imekwisha, maji hayapandi, basi. Kilikuwa kinakufa siku ile ile ulipokiweka status, samahani lakini ndo hivo.

Unachotaka wewe ni kinyume chake, chini kutangulie juu kubaki kumelala. Ndo mana hukatwa mti unapopumzika, majani yamepukutika na macho yamefumba. Hapo kwenye kidonda cha chini hujitengeneza uvimbe mweupe kama kigaga, na kwenye uvimbe huo au juu yake kidogo ndo mizizi hutokea. Ile homoni inayoita mizizi inatengenezwa juu kwenye macho na inashuka chini, haipandi, kwa hivyo ukikichomeka kichwa chini miguu juu hata ungekisomea hakitoki kitu cha maana. Mnajua wenyewe mbegu ya muhogo ikigeuzwa inavosumbua.

Namna ya kukata: tawi la mwaka jana, gumu, gome limeshabadilika rangi, unene wa penseli. Lile bichi la ncha litaoza, na lile nene la zamani ni zito kutoa mizizi. Urefu sentimita 20 mpaka 25, liwe na macho manne matano. Chini kata sawasawa, chini kidogo tu ya jicho. Juu kata mshazari, juu ya jicho. Hiyo ya mshazari faida yake kubwa ni usisahau upi ndo juu, mana vikishalala mezani vyote vinafanana. Theluthi mbili iende chini ya mchanga, juu yabaki macho mawili hivi. Tumia mkasi mkali ulofutwa spiriti, sio panga, panga linaponda gome na palipopondwa ndo panapoanza kuoza.

Udongo: mchanga zaidi, samadi hata chembe usitie. Kijiti hakili, hakina mdomo bado. Maji siku ya kwanza ya kutosha, baada ya hapo mpaka utie kidole uone pakavu.

MtuWaUgenini

Nimecheka peke yangu kwenye basi hapa Leicester kwa hiyo video. Dada'ngu huyo mzee hajakudanganya, Novemba yake ni ya huku sio ya huko kwetu. Jirani yangu mzee wa miaka themanini anafanya hivo hivo kila mwaka, anakata vichaka vyao vya maua, forsythia, weigela, buddleja, hata zabibu za kichaka zile nyeusi, wakati majani yote yameshaanguka. Anachimba mtaro mwembamba kwa jembe lao lile la kusimama, anamwaga mchanga chini, anapanga vijiti kama wanafunzi mstarini anakanyaga na buti, kwisha. Ikipiga jalidi kali udongo unavimba unavisukuma juu, anatoka na koti lake anavikanyaga tena. Havigusi mpaka mwaka wa pili majira kama hayo, ndo anavihamisha.

Mie nlimuuliza hufuniki? hutii dawa? akaniangalia kama mjinga. Kisa ni kwamba huku mti unalazwa na baridi, unalala miezi, na wakati wote huo kile kijiti kinajifunga kidonda taratibu. Huko kwetu mti unaolala unalazwa na ukame na usingizi wenyewe wa mang'amung'amu. Kwa hivo kanuni yake ni nzuri ila kalenda yake itupe.

pwani_makunduchi

Naongezea ya kwetu huku uwandani mana Fuoni sijui lakini Makunduchi sisi mambo matatu yametufundisha adabu.

Mchanga wa pwani usichukue hivo hivo una chumvi. Uoshe maji baridi mara tatu nne, uuache umwage, uoshe tena. Na mchanga wa shimo skuizi bei yake wallahi utafikiri unanunua mchele. Mie nachanganya na vumbi la makumbi, lakini hapo pia angalia, kama makumbi yametoka kwa kina mama wanaofukia pwani kwa ajili ya usumba basi yamekaa kwenye maji ya bahari miezi na miezi, chumvi tupu. Nlipoteza vijiti thelathini vya mhina kwa hilo, nikawa nalaumu mwezi mchanga kumbe vumbi la makumbi. Maji ya kisima pia, kama chai yako ina ladha ya chumvi usimwagilie, weka ndoo chini ya bati ukinge mvua.

Pili mchwa. Kijiti kikavu kisicho na mizizi kwa mchwa ni biskuti. Usiweke ndoo chini, ipandishe juu ya matofali na jivu kuzunguka.

Tatu kuku. Sina la kuongeza kuhusu kuku.

Konde_karafuu

kwenye kuku nakubali. na kunguru pia, nliandika majina kwenye vibao vya vijiti vya aiskrimu kunguru wakavibeba vyote, mpaka leo sijui mbono upi na hina ipi mpaka vikatoa majani. hawa ndege mkoloni ametuachia balaa

ua_la_jioni

Jamani asali mnaipuuza bure. Mimi mawaridi yangu yote nimeotesha kwa asali na mdalasini. Na shoga angu Chukwani anatumia maji ya majani ya mlonge anasaga anachuja, anasema vinatoka haraka haraka.

BwanaShamba_mstaafu (Wete)

@ua_la_jioni mwanangu mawaridi yako yameota kwa sababu ulikata vizuri na una mkono mwepesi, asali umeipa sifa si yake. Asali na mdalasini zinazuia ukungu kidogo kwenye kidonda, haziiti mzizi. Na mdalasini ukizidisha unakausha kidonda chenyewe. Shubiri watu wanapaka pia, haidhuru, wala mie siigombi.

Mlonge ndo nisikilize. Maji yake yana homoni kweli, lakini ni ile ya kusukuma machipukizi na majani. Sasa huyu binti tatizo lake ni majani kutangulia, ukimpa mlonge si unamwongezea moto? Mnyunyizie mchicha wako, kwenye vijiti uwache. Dawa ya unga ya mizizi inauzwa maduka ya pembejeo, ile yenye IBA (homoni ya kuita mizizi), ukiipata chovya ncha ya chini tu ukung'ute, nyingi inaunguza. Ukiikosa mkomamanga hauidai.

BintiKikwajuni

Ahsanteni sana sana, baba Wete Allah akulipe kheri. Nimekaa kitako nimesoma mara mbili na mume wangu kasoma. Kumbe nilikuwa nafurahia maiti.

Masuali yangu. (1) sasa nikate lini? mti wa bibi sasa hivi una majani kibao na upande mwengine una maua. (2) ile chupa ya maji mtu hufunikia juu nifanye au nisifanye, mana kwenye video zengine wote wanafunika na nailoni. (3) asumini yangu nayo naweza kufanya hivi hivi? (4) nitajuaje kama mizizi imetoka bila kuvuta, mie nina mkono wa wasiwasi, nilikuwa nachungulia kila siku.

Konde_karafuu

1 subiri kiangazi kikolee, mwezi wa 1 mwisho mpaka wa 2 hivi. jua la kaskazi mti unachoka wenyewe unapukutisha

pwani_makunduchi

Mimi napinga kidogo. Sisi huku hukata kipupwe, mwezi wa 7, hewa imepoa vijiti havikauki. Franjipani zangu zote za kipupwe na zinakuwa vipara kabisa. Kiangazi mnakaanga.

BwanaShamba_mstaafu (Wete)

Wote mko sawa na wote mnagombania kalenda, tumeshaona kalenda ilivyomfanya binti wa watu. Uangalieni mti. Kwa huyu mti wake, mafundi hawasubiri kipupwe. Basi afanye hivi: tokea sasa maji yakome. Nina hakika uani hapo kuna mtu anamwaga maji ya vyombo shinani kwake, na mkomamanga unaonyweshwa huku kwetu haupukutiki kabisa, unakaa kijani mwaka mzima. Mwambieni amwage kwengine. Jua la kaskazi likipiga mwezi na zaidi majani yatageuka manjano yataanguka, sio lazima yote. Hapo angalia macho, yakiwa yamefumba, madogo, yamelala kwenye gome, kata. Yakiwa yamevimba na ncha ya kijani inaonekana umechelewa. Na ukikata kabla ya masika ina maana mvua zinapoingia mwezi wa tatu vijiti vimeshajipanga.

Jua la kiangazi kweli linakaanga, pwani hajakosea, ndo mana ndoo iwe kivulini chini ya makuti, pasipo na upepo. Mchanga kuwa na joto ni vizuri, mizizi inapenda joto. Juu ndo pawe na kivuli macho yasiamke mapema.

La pili, nailoni usifunike. Kufunika ni kwa vijiti vyenye majani, ili majani yasikauke. Kijiti kisicho na majani kinahifadhi nini? utakipika tu. La tatu asumini ni mambo mengine, ile haipukutiki, kata ncha zilokomaa nusu, bakisha majani mawili ya juu, hiyo ndo ufunike. Au laza tawi lake chini ulifukie kati ukaweke jiwe juu, bila kulikata, litatoa mizizi likiwa bado linanyonya kwa mama. Wavivu wote tunafanya hivo.

La nne, usivute! Ule uzi wa kwanza wa mzizi ni kama unywele, ukivuta umeukata na kijiti kimerudi sifuri. Chukua chupa za maji za lita moja na nusu zile zinazoona ndani, kata shingo, toboa chini, tia mchanga, halafu zivalishe kitambaa cheusi, mwanga usiingie. Ukishikwa na wasiwasi unashusha kitambaa unaangalia ukutani mwa chupa unapandisha. Mkono wako utatulia.

Na kuna jambo nilisahau kukuuliza mwanzo, ningekuuliza ningekupunguzia machozi. Shinani kwa mti hakuna machipukizi yanayotoka ardhini?

BintiKikwajuni

Yapo! matano sita, bibi alikuwa akiyakata kila mwezi anasema yanaula mti.

BwanaShamba_mstaafu (Wete)

Bibi yako alikuwa sahihi, lakini sasa yawache. Mti alioupanda mwenyewe zamani hizo haukubebeshwa, kwa hivyo chipukizi la shinani ni mti ule ule. Yachubue kidogo gome chini, yavishe udongo ulolainika mpaka sentimita 15 hivi, udongo uwe na unyevu kidogo tu tusiamshe mti mzima. Baadhi yatakuwa na mizizi yake kabla mafundi hawajafika, unakata na jembe unaondoka nayo. Vijiti ni bahati, haya ni akiba ya bahati.

shoga_wa_Bububu

Miwani nimeipata. Na mie nataka kijiti kimoja bibie, kama kitazidi. Nna maganda ya komamanga ya kuchemshia tumbo nanunua Darajani kila siku.

MtuWaUgenini

Kabla hamjasahau franjipani alotaja jamaa wa Makunduchi, ile msije mkaifanyia hivi hivi. Ina utomvu mweupe, ukiukata uuache kivulini wiki moja mbili kidonda kikauke kabisa ndo uchomeke, na maji karibu usitie. Mama yangu Pemba aliwahi kuchomeka mbichi ikaoza kama ndizi. Na utomvu wenyewe usikuguse macho.

BintiKikwajuni

Nimerudi, mwezi wa 4 huu mvua imenifungia ndani ndo nimepata muda.

Maji ya vyombo alikuwa anamwaga wifi yangu, kama alivosema baba wa Wete, utafikiri alikuwa anachungulia uani kwetu. Tulipomzuia alinuna wiki nzima. Mwisho wa mwezi wa 1 majani yakaanza kuanguka, tarehe 9 mwezi wa 2 nikakata vijiti 14, macho yamefumba kabisa. Mchanga nimeuosha mpaka mikono ikapauka. Chupa 14 zimevaa soksi nyeusi za shule za mwanangu, kila mtu anaeingia uani anauliza hivi ni vitu gani, mama mkwe kadhani ni mambo mengine akasoma dua.

Mwezi mzima hakuna kitu. Vijiti vikavu kama vijiti. Zamani ningetupa. Wiki ya tano nikashusha soksi ya kwanza nikaona uzi mweupe umeegemea chupa, nikapiga kelele jirani akaja. Macho juu bado yamefumba!! chini mizizi juu kimya, nilivotaka. Majani yametoka mwezi wa tatu mwisho na yamekaa, hayanyauki.

Hesabu: 14, kumi viko hai. Viwili vimeoza, hivo nadhani nilikata vya ncha vibichi kwa pupa. Kimoja nilikichomeka kichwa chini, ndio, baada ya maelezo yote yale, sikukata mshazari kile. Kimoja kuku. Machipukizi ya shinani manne, mawili yalikuwa na mizizi, nimeyapanda moja kwa moja ardhini.

Mti mkubwa wameukata Jumamosi ilopita. Sikwenda. Kaka yangu kaniletea makomamanga mawili ya mwisho kwenye mfuko, kasema mie nataka mti mmoja wa huo wako, kwa sababu nyumba mpya itakuwa haina kivuli.

pwani_makunduchi

mwambie kimoja bei yake mchanga wa shimo gari moja

BintiKikwajuni

Keshakubali. @shoga_wa_Bububu na wewe chako kipo, namba tisa, njoo na kiriba.

BwanaShamba_mstaafu (Wete)

Mashallah mwanangu. Usivihamishe sasa hivi wakati mvua inapiga, vipe mpaka chupa ijae mizizi ndo uhamishe, jioni. Samadi sasa ruhusa, kidogo, ya zamani.